Marashi ya maua yenye utamu wa keki na halua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nauza marashi Kampala, katika duka dogo la ndani ya akedi, jengo la maduka mengi, ghorofa ya pili, ambako wateja hufika wakiwa bado wanahema kwa ngazi. Ombi ninalolisikia kuliko mengine ni hili: "Nipe kitu kinachonukia kama keki, lakini kisiwe keki tupu. Kiwe na maua." Wengine hulisema kwa aibu, kana kwamba wameomba peremende. Ukurasa huu nimewaandikia wao, pamoja na wale wanaonitumia ujumbe usiku wakiuliza maswali yale yale. Nimejibu kama ninavyojibu dukani.

Marashi haya ni yapi hasa?

Ni marashi yanayokutanisha bustani na jiko. Upande wa bustani utakuta asumini, waridi, mlangilangi, tuberozi au maua ya mchungwa. Upande wa jiko utakuta vanila, sukari iliyoungua, lozi, asali, kakao, kahawa, wakati mwingine maziwa yaliyochemshwa. Wafaransa, walioishika biashara hii kwa muda mrefu, huyaita marashi ya jikoni gurmandi, kwa neno lao la mtu apendaye kula vizuri. Yakitiwa maua ya kutosha, yanakuwa haya tunayoyazungumzia hapa.

Maua hayawekwi kwa pambo tu. Vanila peke yake ni nzito, inalala kwenye ngozi kama blanketi. Asumini inaipa hewa. Na asumini peke yake ina ukali fulani wa kinyama, hasa usiku, ambao wengi hawauwezi, vanila inaulainisha. Kila mmoja anafunika kasoro ya mwenzake, na hapo ndipo ufundi wa mtengenezaji unapoonekana.

Utamu huo unatoka wapi? Kuna sukari ndani ya chupa?

Sukari haimo. Fungua pakiti ya sukari nyumbani, nusa: karibu hakuna kitu. Harufu tunayoiita ya sukari hutokea sukari inapokutana na moto, pale inapoanza kugeuka rangi sufuriani. Watengenezaji wanaipata kwa kemikali iitwayo ethili maltoli, yenye harufu ya sukari iliyoungua na ya zile pamba za sukari za sherehe za watoto. Tone dogo tu linatosha kubadilisha chupa nzima.

Vanila ya kwenye marashi mara nyingi ni vanilini, kiini cha harufu ya vanila, kilichotengenezwa maabara. Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, ndio waliofaulu kuitengeneza mwaka 1874, wakianzia na kitu kilichotoka kwenye msonobari. Baadaye ilitengenezwa pia kwa mafuta ya karafuu. Jambo hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka, maana karafuu sisi tunaijua kwenye pilau na kwenye chai, kumbe imewahi kuzaa vanila. Harufu ya lozi nayo inaweza kutokana na heliotropini, yenye harufu iliyo katikati ya lozi, vanila na poda ya mtoto. Ukisikia mtu anasema marashi fulani "yana unga unga," mara nyingi anaizungumzia hiyo.

Hakuna anayepaswa kuyaonja, hata yakinukia kama asali. Spiriti iliyomo si ya kunywa.

Mtindo huu ulianzishwa na nani?

Huko Ulaya wanahesabu hivi. Mwaka 1889 nyumba ya marashi ya Guerlain ilitoa Jicky, moja ya marashi ya kwanza kutumia vanilini ya maabara. Mwaka 1925 wakatoa Shalimar, vanila yake ikiwa wazi kabisa. Lakini yaliyofungua mlango wa jikoni moja kwa moja ni Angel ya Thierry Mugler, ya mwaka 1992, kazi ya mtengenezaji marashi Olivier Cresp. Ethili maltoli iliwekwa humo kwa wingi ambao haukuwa umezoeleka, kisha pachuli, jani lenye harufu ya udongo na ukungu, likawekwa kuzuia utamu usikinaishe. Watu waligawanyika, wengine wakayachukia, ila tangu hapo kila nyumba kubwa imetafuta ya kwake. Maua yakaongezwa zaidi na zaidi: Flowerbomb mwaka 2005, La Vie Est Belle mwaka 2012 yenye ua la iris na ladha ya karanga za sukari, Black Opium mwaka 2014 yenye kahawa na maua meupe, Good Girl mwaka 2016 yenye tuberozi, asumini na kakao.

Hiyo ni hesabu yao. Yangu inaanzia kwingine.

Bibi yangu mzaa mama alikuja Kampala kutoka Mombasa akiwa bibi harusi, akakaa Old Kampala mpaka mwisho wa maisha yake. Uani alipanda asumini kwenye debe. Ijumaa jioni alitunga kikuba: asumini, majani ya mrehani, waridi likipatikana, na mlangilangi kama kuna mgeni aliyetoka pwani. Akakichomeka kwenye nywele, na hapo hapo akaingia jikoni kukoroga halua yenye iliki, zafarani na marashi ya waridi. Zingatia neno lenyewe. Marashi kwa asili ni maji ya waridi, yale yale yanayonyunyizwa kwa wageni harusini kwa mrashi na yale yale yanayotiwa kwenye halua. Chupa ilikuwa moja. Haikuwepo ya jikoni na nyingine ya chumbani.

Na udi wake aliupika kwa sukari. Alichemsha sukari mpaka ikawa shira nzito, akatia vumbi la udi, sandali, mafuta ya miski na maji ya waridi, akakoroga, akaacha ikauke, akaikatakata. Ukitupia kipande kwenye chetezo, kwanza unasikia sukari inaungua, kisha waridi, mwisho udi. Nilipokuja kuvinusa vichupa vya Ulaya nikiwa mtu mzima, sikuona kitu kigeni. Nilimwona bibi ameinama juu ya makaa. Kwa hiyo mtu akiniambia mtindo huu umeletwa juzi na mitandao, huwa namwomba akae nimweleze.

Je, haya si marashi ya wasichana wa shule?

Swali hili linaniuma kidogo, maana mara nyingi huulizwa na mama wa miaka hamsini ambaye tayari ameyapenda, ameyashika mkononi, na anatafuta ruhusa.

Ni kweli yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya vijana: matunda mengi, sukari nyingi, na baada ya saa moja hubaki harufu ya pipi tu. Hayo mtu mzima anaweza kuyaona mepesi. Lakini utamu wenyewe hauna umri. Vanila iliyokutana na tuberozi, au waridi lililowekwa juu ya zafarani na asali, ni nguo ya mtu mzima kabisa. Hakuna aliyewahi kumwambia bibi yangu kwamba halua ni ya watoto.

Kama unaogopa kunukia kitoto, tafuta chupa yenye kitu cha kuushika utamu: pachuli, sandali, kahawa chungu, udi au harufu ya ngozi ya viatu. Kitu kichungu kidogo chini ya sukari kinabadilisha kila kitu, kama chumvi kwenye maandazi.

Kwa nini harufu hizi zinatugusa hivi?

Sehemu ya jibu iko kwenye ubongo. Tunachoona na kusikia hupita kwanza kwenye kituo cha katikati kabla ya kufika kwenye sehemu za hisia na kumbukumbu. Harufu ina njia ya mkato: kutoka puani inafika upesi kwenye sehemu hizo. Ndiyo maana harufu ya chai ya maziwa yenye tangawizi inaweza kukurudisha kwenye jiko fulani kabla hujakumbuka ni jiko la nani.

Sehemu nyingine ni malezi. Vanila haina utamu wowote ulimini. Ukitafuna ganda lake utakuta uchungu. Tunaiita tamu kwa sababu tumeikuta kwenye keki, kwenye aiskrimu na kwenye maziwa, ubongo ukaziunganisha. Hata hivyo huenda yako mengine yaliyo ndani zaidi ya malezi. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kazi yao baada ya kuwapa harufu watu wa jamii zenye maisha tofauti kabisa, wakiwemo wawindaji wa msituni na watu wa mijini, wazipange kwa kupendeza. Vanilini ndiyo iliyokuwa juu. Mimi silishangai hilo. Dukani nimewahi kumpa kijana wa boda aliyekuja kuleta mzigo anuse karatasi ya vanila na maua ya mchungwa, akanyamaza, kisha akasema: "Hii ni siku ya Idi." Sijaisahau.

Vanila ya Uganda imo kwenye marashi haya?

Hapa naomba univumilie, nina mengi ya kusema.

Uganda ni kati ya nchi za Afrika zinazolima vanila kwa wingi, ingawa Madagascar iko mbele sana. Inalimwa Mukono, Kayunga, Buikwe, na upande wa magharibi Kasese na Bundibugyo. Nchi nyingi huvuna mara moja kwa mwaka. Sisi, kwa mvua zetu za misimu miwili, huvuna mara mbili, katikati ya mwaka na tena kuelekea Desemba na Januari.

Shangazi yangu analima Mukono. Mtu akiona kazi yake ataacha kulalamikia bei. Vanila ni okidi inayotambaa juu ya mti mwingine. Asili yake ni Mexico, na huku kwetu hakuna mdudu wa kuichavusha, kwa hiyo kila ua linachavushwa kwa mkono. Ua hufunguka asubuhi moja tu, na kufikia mchana limekwisha. Shangazi huamka mapema, anashika kijiti chembamba, anainua kile kiwambo kidogo ndani ya ua, anabana kwa kidole gumba, anahamia ua jingine. Ufundi huo uligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa. Wakulima wa Mukono leo bado wanafanya kitendo kile kile kwa vidole vyao. Nataka kila anayejipulizia vanila alijue jina la huyo mtoto.

Baada ya hapo ganda linakaa kwenye mti kama miezi tisa, kama mimba. Likivunwa bichi halinukii chochote. Linatumbukizwa kwenye maji ya moto, linafungwa kwenye mablanketi litoke jasho, linaanikwa juani na kurudishwa kivulini siku nyingi, kisha linaachwa likomae kwenye masanduku. Kilo tano au sita za bichi hutoa kilo moja ya kavu. Ukiingia kwenye nyumba wanamokaushia, harufu inakupokea mlangoni: zabibu kavu, tumbaku, mkate, mbao. Haifanani kabisa na keki ya dukani.

Bei inapopanda, wezi huingia shambani usiku, na wakulima hulala nje kulinda. Kwa hofu ya kuibiwa wengine huvuna mapema, maganda yakiwa machanga, na ganda changa lina vanilini kidogo. Ndiyo maana serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna. Wakati mwingine nakutana na mteja anayetaka vanila "ya Ufaransa." Namwambia Ufaransa chupa inajazwa, vanila yenyewe ina jua la kwetu au la Madagascar.

Sasa jibu lenyewe: sehemu kubwa sana ya harufu ya vanila duniani ni ya maabara, kwa sababu ganda la kweli ni ghali mno. Marashi ya bei ya kawaida usitegemee yawe nalo. Yale ya bei ya juu huongeza kiasi kidogo cha vanila halisi juu ya vanilini, na tofauti inasikika: ile ya kweli ina moshi kidogo na ngozi kidogo, haikai mahali pamoja.

Kwa nini siku hizi kila mtu mjini ananukia Yara?

Kwa sababu ni nzuri na bei yake inafikika. Yara ni ya Lattafa, kampuni ya Falme za Kiarabu: okidi, heliotropo na tanjerini juu, kisha matunda na vitamutamu, mwisho vanila, sandali na miski. Ni kama maziwa ya waridi yaliyotiwa kwenye chupa ya pinki. Kampuni za Ghuba zimefanya jambo kubwa kwa watu wa kipato chetu, na pua zao ziko karibu na zetu, maana wao pia wamelelewa na udi, waridi na tende.

Kama umechoka kukutana nayo kwenye kila taksi (matatu za huku kwetu), usiache mtindo mzima. Sogea upande wa maua zaidi. Tafuta yenye mlangilangi, ua lenye kitu cha ndizi mbivu na krimu ndani yake, au maua ya mchungwa na asali. Utabaki kwenye utamu ule ule, lakini hakuna atakayekuita kwa jina la chupa.

Nijipulizie mara ngapi kwenye joto letu?

Joto hukuza harufu, na utamu hukua kuliko vyote. Kampala mchana, mara mbili inatosha: kifuani chini ya nguo na nyuma ya shingo. Arua au Gulu wakati wa kiangazi, mara moja. Kabale kwenye baridi yake unaweza kwenda mara nne na bado ukawa mstaarabu.

Fikiria pia unapokwenda. Taksi ina abiria 14 na madirisha ambayo mara nyingi hayafunguki yote. Mtu aliyekaa karibu nawe hakuchagua. Ofisini vivyo hivyo, na hospitalini ni bora usivae kabisa. Jioni kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, au harusini, hapo vaa kwa raha zako. Gomesi, vazi la sherehe la wanawake wa Uganda, ina kitambaa kingi, na kila ukigeuka kitaitoa harufu kidogo kidogo.

Nifanye nini yadumu?

Ngozi kavu hunywa marashi. Oga, kisha ukiwa bado na unyevu jipake mafuta yasiyo na harufu kali. Mimi natumia mafuta ya shea ya kaskazini, yale Waacholi wanayoyaita moo yaa, kiasi cha punje ya harage kwa shingo na mikono yote. Subiri dakika chache, ndipo upulizie. Usisugue vifundo vya mikono. Hakuna faida, na harufu za mwanzo ndizo zinazopotea kwanza.

Vanila yenyewe haina haraka ya kuondoka, ni nzito. Maua na matunda yataondoka baada ya saa chache, yeye atabaki kwenye ushungi hadi kesho kutwa.

Chupa yangu ilikuwa nyeupe, sasa imekuwa ya rangi ya chai. Imeharibika?

Hapana, mara nyingi ni vanilini tu. Hubadilika rangi polepole ikikutana na hewa na mwanga. Nusa: kama harufu ni ile ile, endelea. Iwapo inanukia siki au kama mafuta ya zamani, hapo imekwisha.

Lakini jihadhari na nguo nyeupe. Vanilini hiyo hiyo huacha doa la manjano kwenye kanzu na kwenye hariri, na doa hilo halitoki kirahisi. Pulizia ngozi, au upande wa ndani wa nguo yenye rangi. Na chupa ikae kabatini, ndani ya boksi lake. Chumba cha mabati kinachopata jua la mchana kinapika marashi, na dirishani ni kubaya kuliko kote.

Nitayajuaje ya bandia?

Mwaka wangu wa kwanza nilichukua katoni nzima kwa mtu aliyenihakikishia kila kitu. Boksi zilikuwa nzuri. Nilipofungua ya kwanza, spiriti ilinichoma pua, kisha ikaja sukari moja kali isiyo na maua, na baada ya dakika ishirini palikuwa patupu. Nilipoteza mtaji wa miezi mitatu, na lililoniuma zaidi ni kwamba mteja mmoja alishanunua. Nilimrudishia pesa zake.

Tangu hapo naangalia hivi. Namba ya toleo iliyo chini ya boksi iwe sawa na iliyo chini ya chupa. Nailoni ya nje iwe imebana, bila gundi inayoonekana. Maandishi yawe yamenyooka na hayana makosa ya herufi. Mpulizo utoke kama ukungu, sio matone. Zaidi ya yote, marashi ya kweli yanabadilika: dakika ya kwanza, nusu saa, saa tatu, ni sura tatu tofauti. Ya bandia yana sura moja mpaka yanapopotea. Na marashi matamu ndiyo yanayoigwa kuliko mengine, kwa sababu ethili maltoli ni rahisi kupatikana, ila asumini nzuri si rahisi kuigiza.

Wanaume wanaweza kuyavaa?

Wanavaa, na wanapendeza. A*Men ya Mugler ilitoka mwaka 1996 ikiwa na kahawa na karameli, na siku hizi Khamrah ya Lattafa, yenye tende, mdalasini na vanila, huchukuliwa dukani kwangu na waume na wake kwa pamoja, chupa moja nyumba moja. Mzee anayeona haya asogee kwenye waridi na udi. Ni utamu ule ule uliovaa kanzu.

Yana pombe. Naweza kuswali nayo?

Wanazuoni wamelizungumza kwa maoni tofauti, na mimi ni muuzaji. Muulize shehe wako. Ukitaka kulikwepa swali lote, chukua mafuta ya marashi yasiyo na spiriti. Yapo ya vanila na waridi, ya asumini na miski. Hayasambai mbali, lakini yanakaa sana.

Yatanivutia nyuki?

Mjini, hapana. Ila usijipake ukienda kwenye mizinga. Na hasa usivae chochote chenye harufu ya ndizi. Nyuki anapouma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na kiungo chake kimojawapo ni kile kile kinachoipa ndizi mbivu ya bogoya harufu yake. Utakuwa umewapigia ngoma ya vita bila kujua.

Nina mimba, au nina pumu. Je?

Mimba hubadilisha pua. Utamu ulioupenda mwaka jana unaweza kukutapisha leo. Usijilazimishe, chupa itakungoja. Mwenye pumu aepuke kupulizia chumbani, na akihisi kifua kinabana aache na amwone daktari. Kwa ngozi nyepesi, jaribu tone moja ndani ya kiwiko, subiri siku moja. Watoto wachanga msiwapake.

Sijawahi kuvaa haya. Nianzie wapi?

Njoo asubuhi, pua ikiwa haijachoka na hujala kitu chenye kitunguu. Nusa chupa tatu, usizidishe. Ukichoka, nusa kitambaa cha nguo yako mwenyewe. Ni njia nzuri kama zile punje za kahawa wanazoweka madukani kupumzisha pua. Karatasi itakuonyesha mwanzo tu. Ile uliyoipenda iweke mkononi, uende zako: kanunue mboga, panda taksi, fanya shughuli zako. Jioni nusa tena. Usinunue siku hiyo kwa sababu mimi nimekushawishi. Nunua kesho yake kwa sababu umeamka unaikumbuka. Na anza na kichupa cha ml 5 au 10 tunachojaza kutoka chupa kubwa.

Naweza kuchanganya na udi?

Ndilo swali nilipendalo. Fukiza nguo kwanza, ukiwa umeitandaza juu ya tenga au ukiishika mbali kidogo na chetezo, dakika tatu nne. Iache ipoe na moshi utulie, kwa sababu marashi yenye spiriti hayakaribishwi karibu na makaa. Kisha vaa, na upulizie marashi yako matamu mara moja tu, shingoni kwenye ngozi. Chagua yenye waridi au zafarani. Hizo zinaelewana na udi tangu zamani. Yenye matunda mengi yatagombana nao. Ukifika unakokwenda, moshi utakuwa umerudi nyuma, waridi limesimama mbele, na vanila inaanza kupanda taratibu kutoka kwenye joto la shingo yako.